Bomba la Kimanga Nililoliandika kwa Biki

Wenzangu wa huduma ya mabomba,

Furaha, mkuu wenu wa sasa, ameniomba niandike kurasa chache kuhusu kazi yetu, ziwekwe ofisini kando ya rejista, ili wanaoingia kazini wazisome wakati wanangojea vifaa ambavyo haviji. Nilianza mara tatu. Kila mara niliandika juu ya presha, mchanga na kutu, na kila mara mke wangu, Mama Riziki, alisoma nyuma ya bega langu akasema, "Na festivali? Ile unairuka?" Basi sitairuka. Lakini nitaanza mwanzo, kwa sababu yaliyonipata ufukweni Kimanga mbele ya watu wote wale hayakuanza siku ile.

Siku yangu ya kwanza nilifika kazini nimevaa viatu vya kanisani. Mama yangu alisikia neno "kampuni" akadhani nitakaa mezani. Nilipokelewa na Mzee Anselimu, fundi mkuu wa wakati ule, mtu mfupi mwenye masikio makubwa na maneno machache. Aliviangalia viatu, akanionea huruma, akanipa fimbo ya chuma inayofika kwapani. Upande mmoja ilikuwa imechongoka, upande wa pili ilikuwa na kisahani cha mbao. Nilingoja anipe na spana. Hakunipa.

"Simika mu udongo, tia sikio, nyamaza," aliniambia.

Kazi yangu ya wiki mbili za kwanza ilikuwa hiyo tu, kunyamaza. Bomba linalovuja chini ya ardhi lina sauti yake nyembamba, shiii, kama mafuta kwenye kikaango cha jirani. Ukiisha kuijua huisahau. Lakini kabla ya kuijua unasikia mambo mengi. Siku ya tatu, huko mtaa wa Rugenge, nilisikia mvujo mkubwa wenye mapigo, du, du, du. Nilichimba tangu asubuhi mpaka saa sita, nikafika kifuani, udongo mkavu kabisa. Mzee Anselimu alikuja, akasimama ukingoni, akaninyooshea kidole upande wa pili wa ua. Mama mmoja alikuwa anatwanga sombe, majani ya muhogo. Nilianza kufukia kwa aibu, lakini mwenye kiwanja akanizuia, maana alikuwa anatafuta mtu wa kumchimbia choo tangu mwezi uliopita. Choo hicho kipo mpaka leo na kila nikipita pale wananisalimia vizuri.

Sasa nisikilizeni kuhusu rejista, kwa sababu kila kitu kinatoka humo. Mzee Anselimu alikuwa na sheria moja tu ya maandishi. Kazi iliyokwisha iliandikwa kwa biki, kalamu ya wino isiyofutika. Kazi ya muda, ile ya mpira na waya, iliandikwa kwa penseli, na ndani ya mwezi mmoja ulipaswa kurudi pale na mwenzako, mkafukua pamoja, mkaweka kifaa cha kweli. Ndipo ulipofuta penseli na kuandika kwa biki. Hukuruhusiwa kufukua peke yako. Mlikwenda wawili, ili mmoja aone alichofanya mwenzake. Nimemwona Mzee Anselimu mwenyewe akiandika kwa penseli kurasa tatu mfululizo na kwenda kunywa chai yake bila wasiwasi.

Mimi nilikuwa na penseli chache sana. Kwa miaka mingi kurasa zangu zilikuwa za buluu tupu, na mafundi wakaanza kuniita Mzee Biki hata kabla sijawa mzee. Jina lilinipendeza. Nilikuwa nalirudisha nyumbani na kulisema mezani mara nyingi kuliko ilivyohitajika. Mama Riziki alikuwa anajibu kwamba robineti ya jikoni kwetu, ile koki ya maji, inatona, na mimi nilikuwa nasema nitaiangalia Jumamosi.

Kati ya kazi zote nilizoandika kwa biki, moja haikustahili.

Ilikuwa mwaka ambao binti yetu Riziki alianza shule, sasa ni miaka ishirini na miwili. Mvua kubwa ilishuka kutoka milimani, ikasukuma mawe, na bomba la Kimanga likapasuka karibu na ufuko, katikati ya nguzo ya umeme na ukuta wa duka la misumari. Mtaa mzima ulikuwa bila maji na watu walikuwa wamesimama na madumu wakiniangalia. Nilikwenda stoo kuchukua kolie, ile pete ya chuma ya kubania bomba. Hakukuwa na hata moja. Mnaweza kuniamini au kwenda stoo leo kujionea. Mpira wa ndani wa baiskeli nilikuwa nao, na waya, na graisi. Nilikosa kitambaa cha kuweka chini ya mpira, cha kunywa graisi na kuziba ufa.

Nikapanda baiskeli mpaka nyumbani. Mama Riziki alikuwa sokoni. Nguo zilikuwa kwenye kamba, mimi nilikuwa na haraka, nikavuta kitambaa kilichokuwa karibu na mkono, nikakikunja kwapani, nikarudi mbio. Nilikichana vipande vinne nikiwa ndani ya shimo, maji yakinifika magotini. Kipande cha mwisho ndicho kilichonitazama. Kilikuwa na kichwa cha bata wa manjano.

Kitenge cha bata nilikuwa nimemnunulia Mama Riziki mimi mwenyewe, binti yetu alipozaliwa. Alikuwa anakivaa siku kubwa tu. Nilisimama mle ndani ya maji na bata mkononi, na juu yangu watu wanapiga kelele, "Papa, maji iko wapi?" Kitenge kilikuwa kimekwisha kuchanika. Nikakipaka graisi, nikakizungusha, nikazungusha mpira, nikakaza waya, nikafukia. Maji yalirudi na watu wakanipigia makofi.

Jioni nilifungua rejista. Penseli ilikuwa pale, na biki ilikuwa pale. Nikiandika kwa penseli, mwezi ujao nitakuja na mwenzangu, tutafukua, na bata watatoka mbele yake, na kabla sijafika nyumbani habari itakuwa imefika. Nikaandika kwa biki. Sikufanya vile kwa kuiamini kazi yangu. Nilimwogopa Mama Riziki.

Nilikusudia kumwambia usiku uleule. Lakini nilipoingia uani nilimkuta ameshika kiuno, amekwisha kuhukumu kesi. Mwizi alikuwa Mama Zawadi, jirani yetu wa ukuta mmoja, kwa sababu siku mbili kabla yake alikigusa kile kitenge na kusema ni kizuri. "Alikuwa anakipima!" Mama Riziki alisema. Nilifungua mdomo. Akaniambia, "Na weye usimtetee." Nikaufunga. Kesho yake ilikuwa vigumu zaidi, wiki iliyofuata vigumu kuliko kesho yake, na baada ya mwaka nilikuwa mtu anayeshangaa pamoja na mke wake jinsi majirani walivyo.

Mama Zawadi alikana mara moja tu, kwa sauti, mbele ya lango letu, halafu hakusema tena. Kwa miaka ishirini na miwili wanawake wale wawili walisalimiana kanisani tu, wakati wa kupeana amani, kwa ncha za vidole. Waliimba katika kwaya moja ya akina mama. Mwalimu wa kwaya aliwasimamisha mmoja mwisho wa kushoto, mwingine mwisho wa kulia, na akina mama kumi na wawili katikati. Mimi nilikuwa nakaa benchi la nne na kuwaangalia kila Jumapili. Nililiona hilo shimo kila Jumapili na sikuwahi kulifukua. Nasema wazi, ni aibu, na sikuwa na udhuru wowote.

Bomba lilishika. Msidhani ni ustadi. Mnajua presha ya Kimanga ilivyo: siku nyingi maji hayaji kabisa, na bomba tupu halivuji.

Kisha nikastaafu. Katika fete ya kuniaga mliyonifanyia hamkunipa saa ya ukutani, nawashukuru, nyumbani zipo mbili na zote zimesimama. Mlinipa mwaliko wa festivali ya muziki ya ufukweni Kimanga, kwa sababu mlisikia kwaya ya akina mama wa Rugenge imealikwa kuimba pale saa tisa alasiri. Kwa Mama Riziki hilo lilikuwa jambo kubwa kuliko kustaafu kwangu. Alikuwa hajawahi kuimba mbele ya watu wasioketi kwenye mabenchi. Alipewa sehemu ya kuanza peke yake, kabla wengine hawajaingia. Kwa miezi miwili aliiimbia sufuria, aliiimbia mboga, aliniimbia mimi nikiwa nimelala. Mara moja nilimsikia akiacha katikati na kujiambia polepole, "Na sauti ikikatika?" Nilijifanya sijasikia. Sikio langu limefunzwa vizuri pande zote mbili.

Siku yenyewe nilijiandaa kama mtu anayekwenda safari. Nilibeba kiti chetu cha kukunja, mwavuli, termosi ya chai, muhogo wa kuchemsha, samaki mukeke aliyefungwa vizuri, na pamba ya masikio. Kwa ajili ya goti langu nilichukua na ile fimbo ya chuma, ambayo mlinipa siku ya kuaga na sasa natembelea. Langoni vijana wa usalama walipekua kikapu, wakamnusa mukeke, wakaheshimu. Fimbo ikawashinda.

"Papa, hii ni nini?"

"Ni sikio."

"Sikio?"

"La kazi."

Kijana akamwita mkubwa wake. Mkubwa wake aliigeuza juu chini, akatazama kisahani, akaniuliza mimi ni wa dini gani. Bahati nzuri mlinzi wa tatu alinitambua. "Muache apite, ule ni Mzee Biki wa maji." Nikafungwa bangili ya karatasi mkononi, kama mtoto mchanga wa hospitali, nikaingia.

Nilikuwa naogopa kuwa mzee peke yangu. Nilikuwa mzee peke yangu, lakini hakuna aliyejali. Niliweka kiti changu karibu na jukwaa ili nimwone Mama Riziki vizuri, na msichana mmoja mwenye nywele za zambarau akaniuliza kama niko sawa, akanipangusia kiti, akaniomba kipande cha muhogo. Ngoma za vijana kutoka Katogota zilianza, nikapiga makofi. Halafu akaja kijana wa kurapu, na spika zikafunguliwa. Mabibi na mabwana, nimefanya kazi karibu na pampu miaka yote, lakini sijawahi kusikia kitu kinachoingia kupitia suruali. Chai iliruka ndani ya kikombe. Kijana akapiga kelele, "Mikono juu, Uvira!" Nikainua mkono wangu na kungoja, kama shuleni, aniulize nina swali gani. Alipita, hakuniuliza. Niliushusha baada ya muda.

Ni wakati ule nilipoangalia kushoto nikaona nguzo ya umeme. Nikaangalia kulia nikaona ukuta wa duka la misumari. Jukwaa lilikuwa katikati.

Nilijiambia hakuna neno, bomba limeshika miaka yote. Kisha nikamwona Furaha akipita na kofia ya kazi. Alikuwa na mafundi wawili na mstari mzima wa robineti mpya za wageni. "Mzee!" alinisalimia kwa furaha. "Unaona? Leo tumeleta presha yote Kimanga. Batu bakunywe!" Presha yote. Na lori lililoleta spika lilikuwa limepita palepale, alama za matairi zilionekana.

Nilingoja kijana wa kurapu amalize. Katikati ya muziki na muziki palikuwa na kimya kidogo. Nikasimika fimbo mchangani, nikainama, nikatia sikio. Msichana wa nywele za zambarau akatoa simu yake kunipiga picha. Shiii. Nilijua sauti ile kama mtu anavyojua kikohozi cha baba yake.

Nilifanya nini? Nilisogeza kiti. Baada ya dakika kumi miguu ya kiti ilikuwa imezama, nikasogeza tena. Mara ya tatu mchanga mbele ya jukwaa ulikuwa unang'aa na watu wameanza kuvua viatu. "Ni ziwa," mmoja akasema. "Ziwa imepanda tena," akasema mwingine, na habari ikaenea, kwa sababu kwetu ziwa likishaonekana karibu hakuna anayeuliza zaidi. Limekula nyumba za watu, litashindwaje kula festivali? Nilichovya kidole, nikaonja. Maji yalikuwa na dawa ya kusafishia. Ziwa halitiwi dawa. Nikapangusa kidole kwenye suruali nikanyamaza. Kwa mara ya pili katika maisha yangu nilimwacha mwingine abebe lawama yangu, na safari hii alikuwa ziwa Tanganyika zima.

Saa tisa kasoro, akina mama waliwasili nyuma ya jukwaa wamevaa sare zao mpya, kijani na nyeupe. Mwandalizi, kijana mmoja anayeitwa Serge mwenye redio kiunoni, aliwakimbilia. Nilikuwa karibu nikasikia yote.

"Bamama, mutusamehe. Maji inakaribia nyaya. Tutasogeza podiumu pale juu, na wakati haitatosha. Tunabakisha baorkestra ya mwisho tu. Mutaimba mwaka kesho."

Akina mama walilalamika wote kwa pamoja, isipokuwa mmoja. Mama Riziki alifungua kilemba chake, akakikunja mara mbili, akakikunja tena, akakiweka ndani ya mkoba. Nilimwendea.

"Njo vile," aliniambia, bila kuniangalia. "Minye nilijua tu. Batu wazima wanaenda kuimba mu bafestivali. Tuende nyumbani, Papa Riziki. Na sitaimba tena, hata kule kanisani. Imetosha."

Nimezima mabomba mengi maishani, najua kitu kinavyofungwa kikabaki kimefungwa. Nilimwamini. Nilijua pia kwamba katika watu wote wa ufuko ule ni mimi peke yangu niliyeweza kuyazuia maji yale, na kwamba nikiyazuia atanijua nilivyo.

Furaha alikuwa ameinama kando ya jukwaa na nakala ya rejista mkononi. "Siyo bomba letu," alikuwa anamwambia Serge. "Hapa kulikuwa na kazi moja tu, ya zamani, na iliandikwa kwa biki. Mzee Biki mwenyewe. Ile haiwezi kuvuja."

Aliisema kwa imani. Hiyo iliniuma kuliko yote.

"Furaha," nikasema, "funga vane. Chimba hapa." Nikasimika fimbo.

"Lakini Mzee, uliandika kwa..."

"Najua nilivyoandika. Nilidanganya. Chimba."

Akawatuma mafundi wake. Mmoja akaenda kufunga vane, koki kuu ya mtaa, na Kimanga nzima ikakauka palepale, pamoja na zile robineti mpya. Samahani tena kwa hilo. Mwingine akaanza kuchimba. Watu wakazunguka, kwa sababu shimo huwavuta watu kuliko muziki. Akina mama wa kwaya walisimama mbele, wale wawili mmoja mwisho wa kushoto, mwingine mwisho wa kulia, kama walivyozoea.

Bomba lilitokea likiwa na ule mpira mweusi, umepasuka pembeni. Fundi akakata waya, akauvua, na chini yake kikatoka kitambaa. Graisi na mpira vilikuwa vimekitunza. Akakisuuza kidogo kwenye dimbwi, akakinyanyua juu ili bosi wake akione. Bata watatu wa manjano wakatazama festivali.

Mama Riziki alishuka akapiga magoti kwenye matope na sare yake mpya. Alikichukua kile kipande kwa mikono miwili.

"Bata zangu," akasema.

"Ni mimi," nikasema. "Sikuwa na kitambaa, nilivuta kwenye kamba bila kutazama. Nilipoona, nilikuwa nimekwisha kuchana. Nikaogopa. Mama Zawadi hakuchukua kitu. Hakuwahi kuchukua kitu."

Niligeuka kumtafuta Mama Zawadi. Alikuwa ametoka mwisho wa kulia na kupita nyuma ya akina mama wote kumi na wawili, na sasa alikuwa amesimama ukingoni. Nikamwomba msamaha hapo, mbele ya kila mtu. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Nitakusamehe," alisema, "lakini polepole. Weye ulikawia miaka makumi mbili na mbili. Na minye usinikimbize." Kisha akamgeukia mke wangu. "Na weye Mama Riziki, leo nikuambie. Ile kitenge haikuwa hata muzuri. Nilisifu tu ju ya heshima. Bata! Ni muntu gani anavaa bata?"

Mama Riziki alimwangalia kutoka kule chini. Midomo ilianza kumcheza. Nilidhani analia, na kweli alikuwa analia, lakini alikuwa anacheka pia, na Mama Zawadi akampa mkono kumtoa kwenye matope, na yeye akaanza kucheka. Walishikana pale wakicheka mpaka sare ya Mama Zawadi nayo ikachafuka. "Nisamehe, ndugu yangu," nilimsikia mke wangu akisema, mara mbili. Yeye hakuambiwa polepole.

Furaha alifunga kolie ya kweli kwa dakika nane. Nilishuka shimoni kumshikia bomba, maji yaliyobaki humo yakanirukia mpaka kichwani, nikamhesabia. Serge aliona maji yamekwisha, mchanga unakunywa, umati umesogea wote mbele ya lile shimo, na mtu wa kuwaimbia hana. Akawapa akina mama dakika kumi, na Mama Riziki akaniachia bata mkononi.

Walipopanda, mwalimu wa kwaya alijaribu kuwapanga kama kawaida. Mama Zawadi hakwenda mwisho wa kulia. Alikwenda kusimama karibu na Mama Riziki, bega kwa bega, na mwalimu akaona bora aachie. Mama Riziki akashika mikrofoni. Kisha akaninyooshea kidole.

"Ule muzee mwenye iko mu shimo," akasema, na spika zikaipeleka sauti mpaka milimani, "ni bwana yangu. Mumuangalie muzuri. Ni yeye alifanya haya yote."

Walipiga makofi, wakidhani ananisifu. Msichana wa nywele za zambarau alipiga mluzi. Na katikati ya makelele yale Mama Riziki akaanza kuimba peke yake, na sauti haikukatika. Niliusikiliza wimbo wote nikiwa nimesimama ndani ya shimo, bata mkononi, fimbo chini ya kwapa. Nimesikiliza vitu vingi katika kazi hii. Sikuwahi kusikia kitu kizuri kama kile, na nililia bila kujificha. Hakuna aliyeona tofauti, maana nilikuwa nimelowa tangu kichwani.

Jumatatu nilikuja ofisini. Furaha alifungua rejista ya mwaka ule, akaweka mbele yangu penseli. Nilichora mstari juu ya biki yangu, nikaandika chini yake: "Ya muda. Ilifukuliwa mbele ya mashahidi." Nendeni mkausome ukurasa huo. Halafu angalieni kurasa zenu wenyewe, na kama kuna biki ambayo ilipaswa kuwa penseli, chukueni mwenzenu na jembe, mwende leo, kabla hawajajenga jukwaa juu yake.

Wale wawili sasa wanaongea juu ya ukuta tangu asubuhi mpaka chai inapoa, na nusu ya maongezi ni juu yangu. Wiki moja baada ya festivali Mama Riziki aliniita: robineti ya Mama Zawadi inatona. Nilikwenda na vifaa vyote, sikupungukiwa na kitu. Walisimama wote wawili mbele ya kamba ya nguo, mikono kiunoni, mpaka nilipomaliza.

Mama Zawadi alifungua maji, akafunga, akatazama kama linadondoka tone.

"Hii nakutolea mwaka moja mu ile deni yako," akasema. "Imebaki makumi mbili na moja."

Mpaka leo imebaki kumi na saba. Robineti zake zinaharibika mara nyingi siku hizi, na mimi sijauliza kwa nini.